Trauti wa Suam: samaki anayekimbia joto na matope

Na Mwandishi Wetu, Kampala

MVUA ikinyesha kwa nusu saa tu juu ya vilima vya Kampala, wachuuzi wa Nakivubo hawahitaji kusikiliza redio ili wajue hali ya hewa. Mfereji unajaa, maji yanageuka rangi ya kahawa, chupa za plastiki na kaveera zinapita mbio kuelekea ziwani, na wenye mabanda ya chini wanaanza kuinua marobota ya mitumba juu ya meza.

Katika mazingira kama hayo, kuzungumzia samaki anayeishi katika maji baridi na safi, yanayopita juu ya mawe, kunaweza kuonekana ni mzaha. Hata hivyo samaki huyo yupo katika ukanda wetu, tena karibu na njia wanayopita baadhi ya wafanyabiashara wanaonunua bidhaa hapa Nakivubo na kuzipeleka mpakani. Anaitwa trauti.

Kwa ndugu zetu waliorejea kutoka Uingereza, Sweden, Kanada au Marekani, jina hilo si geni. Huenda waliwaona wazee wa kule wakisimama ndani ya mto hadi mapajani mwezi Machi, theluji ikiwa bado ukingoni, wakirusha mshipi mbele na nyuma kwa saa nzima bila kupata kitu, na jioni wakirudi nyumbani wakiwa na furaha. Wengi wetu tuliwacheka. Wachache walijiunga nao, na sasa wamerudi na fimbo zao wakiuliza: je, huku nyumbani mchezo huo upo?

Jibu ni kwamba upo. Lakini anayetaka kuufuata, kwa starehe au kwa biashara, ni vizuri aelewe kwanza samaki huyu anataka nini. Asipoelewa, atapoteza muda wake, na pengine akiba aliyoichuma ughaibuni kwa miaka mingi.

Alikuja kwa kubebwa

Trauti si mwenyeji wa mito yetu. Trauti wa kahawia ni wa Ulaya na nchi jirani zake, na trauti wa upinde wa mvua asili yake ni mito inayoingia Bahari ya Pasifiki, hasa upande wa magharibi wa Amerika ya Kaskazini.

Mwaka 1905 mlowezi wa Kiingereza, Ewart Grogan, alileta trauti wa kahawia kutoka Scotland na kuwaweka katika mto Gura, kwenye safu ya Aberdare nchini Kenya. Walowezi walitaka mchezo wa kwao, na waligundua kwamba mito ya milimani, ingawa iko karibu na ikweta, ina baridi kama ya kwao. Baadaye trauti wa upinde wa mvua aliletwa pia, akasambazwa katika mito ya Mlima Kenya na Mlima Elgon. Uganda nayo ilipandikiza samaki hao katika mito ya Elgon na ya Ruwenzori wakati wa ukoloni.

Hadi leo serikali ya Kenya ina kituo cha kuzalisha vifaranga vya trauti huko Kiganjo, karibu na Nyeri. Karibu na Nanyuki upo mkahawa maarufu uliojengwa juu ya mti mkubwa, chini yake yakiwa mabwawa ya trauti yanayopata maji yake kutoka mto Burguret. Mgeni huchagua meza, naye samaki hutoka bwawani kwenda jikoni.

Baridi ni uhai wake

Kinachomtofautisha trauti na ngege au kambare ni hewa. Samaki wote huvuta oksijeni iliyo ndani ya maji, lakini trauti anahitaji nyingi kuliko wenzake, na maji ya baridi ndiyo yanayobeba oksijeni nyingi. Maji yenye nyuzi joto 10 yanaweza kubeba takriban miligramu 11 za oksijeni katika kila lita. Yakipanda hadi nyuzi 25, kiasi hicho hushuka hadi takriban miligramu 8, hata kama maji ni safi kabisa.

Ikiwa ndani ya maji hayo kuna uchafu unaooza, vijidudu vinavyouozesha hutumia oksijeni hiyo kabla samaki hajaipata. Ndiyo maana katika mfereji wa Nakivubo trauti asingeweza kuishi, hata angewekwa asubuhi na mapema. Kwanza angeshindwa na joto, kisha na ukosefu wa hewa. Kambare na kamongo, yule ambaye Waganda humwita mamba, huvumilia kinamasi kwa sababu wanaweza kuvuta hewa ya juu ya maji. Trauti hana uwezo huo.

Kwa kawaida trauti hustawi katika maji yasiyozidi nyuzi 18 hivi. Yakifika 20 huanza kupoteza hamu ya kula. Yakikaribia 25 maisha yake yamo hatarini.

Hapa ndipo waliorejea wanapaswa kuwa macho. Ufugaji wa samaki ni miongoni mwa biashara ambazo mtu mwenye akiba ya ughaibuni hushauriwa kuingia haraka. Ikitokea mtu akakuambia kuwa atakuletea vifaranga vya trauti uwafuge katika bwawa lako la Wakiso, Mukono au Busia, kwa kuwa bei yake hotelini ni nzuri, fahamu kwamba bei hiyo haitakufikia. Maji ya mabwawa ya huku chini mara nyingi huvuka nyuzi 22. Samaki watakufa, na vifaranga vikishakufa hakuna wa kukurudishia fedha.

Ukiwa bondeni, fuga ngege au kambare. Trauti anamfaa mwenye shamba mlimani, kwenye kijito kisichokauka mwaka mzima, chenye maji ya baridi yanayoingia bwawani na kutoka bila kusimama. Kabla ya kununua chochote, nunua kipimajoto. Pima maji alasiri ya siku ya jua kali, tena wakati wa kiangazi, kwa sababu hapo ndipo maji yanapokuwa na joto zaidi. Kipimo cha asubuhi kitakudanganya.

Ndoano iliyovishwa manyoya

Uvuvi wa trauti unaopendwa na wazungu hautumii mnyoo wala kipande cha nyama. Chambo chake ni ndoano ndogo iliyofungwa nyuzi na manyoya mpaka ikafanana na mdudu. Kwa Kiswahili tunaweza kumwita nzi bandia.

Nzi huyo ni mwepesi kama unyoya, hawezi kurushwa mbali peke yake. Kwa hiyo uzito umewekwa kwenye mshipi wenyewe, ambao ni mnene na umepakwa nta au plastiki. Mvuvi huurusha nyuma, akaungoja unyooke, kisha akaurusha mbele, na mshipi ukamchukua nzi hadi anapotaka. Mwisho wa mshipi hufungwa uzi mwembamba usioonekana kwa urahisi, ili samaki asishtuke.

Wapo nzi wanaoelea, wakiigiza mdudu aliyekwisha kuota mabawa. Wapo pia wanaozama, wakiigiza mdudu mchanga ambaye bado anaishi chini ya mawe. Kujua lini utumie yupi ndiyo elimu yenyewe ya mchezo huu.

Mwanzoni mwa majira ya kuchipua huko Ulaya, elimu hiyo hupimwa vikali. Huko Scotland msimu wa trauti wa kahawia hufunguliwa tarehe 15 Machi na kufungwa tarehe 6 Oktoba. Siku za kwanza za msimu maji huwa bado na nyuzi 5 au 6 tu. Damu ya samaki hufuata joto la maji, hivyo trauti wakati huo ni mvivu. Hulala chini, mahali ambapo mkondo umepungua nguvu, wala hatakimbilia chakula kilicho mbali.

Mvuvi mzoefu haamki alfajiri wakati huo. Hutumia nzi mwenye shanga ya shaba kichwani ili azame upesi, akampitisha polepole karibu na mawe. Kisha husubiri saa sita hadi saa nane mchana, jua linapoyapasha maji kidogo na wadudu wa kwanza wanapopanda juu. Katika muda huo mfupi samaki huamka. Ukipita, siku imekwisha.

Machi ya Ulaya, Desemba ya Elgon

Mtu aliyejifunza huko akija Elgon na kalenda yake ya Ulaya atakosea. Huku hatuna majira ya kuchipua. Kalenda yetu ni mvua na kiangazi.

Mwezi Machi, wakati mwenzake wa Scotland anafungua msimu, mvua za masika zinakaribia au zimekwisha kuanza katika Elgon. Mito hujaa na kubeba udongo. Trauti huwinda kwa macho, na katika maji ya matope hamwoni nzi wako. Wakati mzuri ni kiangazi cha Desemba hadi Februari, maji yakiwa yamepungua na kutakata. Kwa bahati njema huo ndio wakati ambao wengi wa walioko ughaibuni huja nyumbani kwa sikukuu.

Hata hivyo ujuzi wa majira ya kuchipua haupotei bure. Katika milima iliyo karibu na ikweta, tofauti ya joto kati ya usiku na mchana ni kubwa kuliko tofauti kati ya mwezi na mwezi. Usiku juu ya Elgon baridi inaweza kugandisha umande. Asubuhi maji ni ya barafu na samaki wamelala chini, sawasawa na Machi ya Ulaya. Jua likifika bondeni, kuanzia saa nne hivi, wadudu huanza kuruka na samaki kupanda. Tunaweza kusema kuwa huku majira ya kuchipua huja kila siku na kuondoka jioni.

Kwa hiyo anza na nzi anayezama, mpitishe chini polepole. Jua likipanda, badili uweke anayeelea. Vaa nguo za rangi iliyofifia, tembea ukielekea juu ya mto ili uwe nyuma ya samaki, kwa maana trauti hukaa akiwa ameelekeza kichwa mkondo unakotoka. Kivuli chako kikimwangukia, hutamwona tena.

Mto unaotajwa zaidi katika eneo hilo ni Suam. Chanzo chake kimo ndani ya shimo kubwa la volkano ya Elgon, mlima ambao kilele chake cha Wagagai kina mita 4,321. Suam hutoka kwa kupenya genge la upande wa mashariki, ukawa mpaka wa Uganda na Kenya, kisha ukaelekea kaskazini na kuitwa Turkwel hadi Ziwa Turkana. Kadiri unavyopanda juu msituni ndivyo maji yanavyokuwa baridi zaidi na ya kumfaa trauti. Usitarajie samaki wakubwa: mito midogo ya milimani huzaa samaki wadogo.

Mpakani: karatasi kwanza

Zamani safari ya Suam ilikuwa adhabu, hasa wakati wa mvua. Siku hizi ipo barabara ya lami ya kilomita 73 kutoka Kapchorwa hadi Suam, na upande wa Kenya ipo inayokwenda Endebess na Kitale, zote zikiwa sehemu ya mradi uliopata fedha kutoka Benki ya Maendeleo ya Afrika. Mfanyabiashara anayepanda basi la Mbale mjini Kampala anaweza sasa kufikiria Suam kama njia ya pili, badala ya kung'ang'ania foleni za Malaba na Busia.

Lakini anayekwenda kuvua akumbuke mambo manne.

Kwanza, sehemu kubwa ya mito hiyo ya juu imo ndani ya hifadhi za taifa, upande wa Uganda na upande wa Kenya. Huingii bila kulipa kiingilio, na huvui bila ruhusa ya wenye hifadhi. Uliza Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda au Shirika la Wanyamapori la Kenya kabla ya kufunga safari. Leseni ya uvuvi nayo ni jambo jingine, huulizwa idara ya uvuvi.

Pili, Suam ni mpaka. Kuvuka kwa miguu kumfuata samaki hadi ng'ambo ni kuvuka nchi bila kugongewa muhuri. Maelezo kwamba ulikuwa unafuata mshipi wako yanaweza yasimridhishe askari.

Tatu, usibebe samaki hai, mayai wala vifaranga kutoka upande mmoja kwenda mwingine bila kibali. Magonjwa ya samaki husafiri na maji ya kwenye ndoo. Tena trauti ni mla nyama, na akiingia katika kijito ambacho hakuwamo, viumbe wadogo wa hapo hupata taabu. Sisi wa Ziwa Victoria hatuhitaji kufundishwa somo hilo. Mbuta aliwekwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960. Ametuletea viwanda na fedha za kigeni, lakini jamii nyingi za nkejje tulizokula utotoni hazionekani tena.

Nne, viatu. Katika marobota ya mitumba hutokea mabuti ya mpira marefu na viatu vyenye soli ya sufi iliyoshindiliwa, ambavyo wavuvi wa Ulaya na Marekani huvaa ili wasiteleze juu ya mawe. Soli hiyo hukaa na unyevu kwa muda mrefu na kuhifadhi vijidudu vya mito ya mbali. New Zealand ilipiga marufuku soli za aina hiyo kwa wavuvi wa mito yake mwaka 2008. Ukinunua viatu hivyo, au ukirudi na vyako, vioshe vizuri na uvianike juani hadi vikauke kabisa kabla ya kuingia mtoni.

Faida iko wapi

Mfanyabiashara atauliza: mimi ninapata nini? Ni swali la haki.

Kuuza trauti wa mtoni sokoni si biashara. Ni wachache, ni wadogo, na mto ungemalizika kwa msimu mmoja. Wavuvi wengi wa mchezo huu humrudisha samaki majini akiwa hai. Faida iko kwa mtu anayemfuata samaki: analala, anakula, anahitaji mpagazi na kijana anayeijua njia ya msituni. Mgeni akikaa siku mbili katika mji mdogo wa mpakani, fedha zake hupita katika mikono mingi kuliko samaki angeuzwa mara moja.

Faida nyingine iko katika nzi bandia. Wengi hawajui kwamba Kenya, kwa miaka mingi, imekuwa miongoni mwa nchi zinazofunga nzi hao kwa ajili ya soko la dunia. Mafundi, wengi wao wanawake, hukaa mezani na koleo ndogo, wakazungusha uzi, manyoya ya shingo ya jogoo na nywele za sungura juu ya ndoano isiyozidi ukucha. Kazi yao husafirishwa Ulaya na Marekani. Yule mzee wa Scotland aliyesimama ndani ya maji ya Machi huenda ametumia nzi aliyefungwa na mama wa Kenya ambaye hajawahi kumwona trauti.

Kazi hiyo haihitaji umeme mwingi wala mashine ya bei. Inahitaji macho, mkono mtulivu na mnunuzi wa uhakika. Aliyerejea akiwa na marafiki wavuvi huko alikotoka ana kitu ambacho fundi wa hapa hana: anamjua mnunuzi. Aanze na oda ndogo, aone kama kazi inakubalika, ndipo aongeze mafundi.

Mto hadi utakapougeuza mfereji

Yote hayo yanategemea jambo moja: maji ya Suam yaendelee kuwa baridi na safi. Kinachoyapoza ni mwinuko na msitu. Miti ya ukingoni huzuia jua, mizizi yake hushika udongo, na majani yake hulisha wadudu ambao trauti huwala. Ukikata miti ukalima hadi ukingoni, mvua ya kwanza hushusha udongo. Udongo huo huziba mapengo kati ya mawe ambamo samaki hutaga mayai.

Msitu wa Elgon umepungua sana tangu miaka ya 1970, na wakazi wa mlimani, wengi wao wakiwa hawana ardhi nyingine, wamekuwa na mivutano ya muda mrefu na wenye hifadhi. Si sahihi kuwalaumu kana kwamba wanalima kwa ubishi. Lakini mlima nao una kauli yake. Machi 2010 maporomoko ya udongo yalifunika vijiji vya Nametsi wilayani Bududa, upande mwingine wa mlima huo huo, na mamia ya watu wakapoteza maisha. Trauti hufa kabla mlima haujaanguka, kwa hiyo kutoweka kwake ni taarifa inayofika mapema.

Suam hauwahusu wavuvi peke yao. Wafugaji wa Pokot hunywesha mifugo kwa maji yake, na bwawa la Turkwel, lenye uwezo wa megawati 106, limekuwa likiipatia Kenya umeme tangu 1991. Udongo unaomuua samaki juu ndio unaokwenda kujaza bwawa chini.

Nasi wa Kampala tunao mfano wetu mlangoni. Nakivubo nao ulikuwa kijito chenye kinamasi chake kabla haujasakafiwa saruji. Mwishoni mwa miaka ya 1990 watafiti walikadiria kuwa kinamasi hicho, kwa kusafisha tu majitaka ya mji kabla hayajafika Ghuba ya Murchison, kilifanya kazi yenye thamani ya hadi dola milioni 1.75 za Marekani kwa mwaka. Kazi hiyo hakuna aliyeilipia. Kinamasi kilipopungua, gharama ilihamia Ggaba, mahali ambapo maji ya kunywa ya Kampala huchotwa kutoka ghuba hiyo hiyo. Kisha ikabidi kijengwe kiwanda kipya cha majitaka huko Bugolobi, chenye uwezo wa lita milioni 45 kwa siku. Na mwaka 2025, kazi ya kuufunika mfereji ilipoanza, mjini kulizuka mabishano makubwa juu ya mafuriko na nani atakayelipa hasara.

Kuugeuza mto kuwa mfereji ni rahisi, bali kuurudisha ni kazi ya vizazi. Suam bado ni mto. Mfanyabiashara atakayevuka daraja lake wiki ijayo asimame kidogo atazame chini. Akiyaona mawe kupitia maji, ajue bado ipo nafasi. Usipoziba ufa, utajenga ukuta, na ukuta wa maji tunajua bei yake.